Kiporo cha siku 109

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025, saa nane mchana, nilikuwa nimeshavaa jezi. Jezi ya kijani ya Karume, ile ambayo ukiifua mara tatu nembo inaanza kuondoka yenyewe. Jamaa yangu anayesoma Morogoro alikuwa ameshatua Dar tangu asubuhi, begi dogo mgongoni, tiketi ya mzunguko kwenye simu. Chumbani tupo wanne: Yanga wawili, Simba mmoja, na mmoja anayejiita hana timu lakini tunamjua. Ilikuwa Ramadhani na yule wa Simba alikuwa amefunga. Asubuhi yake alituambia kwamba funga ya leo ina nia mbili.

Usiku uliotangulia Simba walikuwa wametoa taarifa kwamba hawatacheza. Sisi tukaona ni maneno tu ya kuchangamsha dabi. Tangu lini mtu akagomea mechi ambayo nchi nzima imeshapika chakula mapema ili iitazame? Halafu simu zikaanza kulia zote kwa pamoja. Bodi ya Ligi imeahirisha mchezo. Hakuna tarehe mpya. Jamaa wa Morogoro alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasoma lile tangazo mpaka mwisho, akarudi juu akalisoma tena, kisha akauliza swali ambalo mimi nimelibeba mpaka leo: "Sasa hapa nani kakosea?"

Tangazo lilikuwa refu. Jibu la swali lake halikuwemo.

Naandika haya wakati msimu ule wa Ligi Kuu umeshapita, bingwa anajulikana na kombe lipo Jangwani. Mnaweza kuniambia yaliyopita si ndwele. Lakini mimi naona msimu wa 2024/25 ulikuwa msimu bora kabisa wa mpira ambao kizazi chetu cha wanachuo kimeshuhudia, na kwamba tuliuharibu wenyewe kwa siku 109. Naposema "tuliuharibu" sijateleza. Nitafika huko.

Kwanza mpira wenyewe, maana kelele za Machi zimefunika mambo mengi. Yanga walianza ligi kama watu wenye haraka ya kwenda kwingine. Oktoba 19 wakamfunga Simba bao 1-0, bao la kujifunga la Kelvin Kijili dakika za mwisho. Kisha Novemba ikaingia, na ndani ya wiki moja, pale pale Chamazi, wakapigwa na Azam 1-0 na baadaye na Tabora United 3-1. Mnaikumbuka ile Alhamisi? Bwenini kwetu kulikuwa na watu wa Simba waliokuwa hawajui Tabora ipo upande gani wa reli, lakini usiku ule wote walikuwa Wanyamwezi. Gamondi akaonyeshwa mlango. Akaja Sead Ramovic, akaupanga moto vizuri, halafu Februari akaondoka kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja, na timu bado inashinda. Mpaka mwisho Yanga walikuwa wameshinda mechi 27, sare moja, wamepoteza zile mbili za Novemba. Pointi 82.

Simba nao msimu uliotangulia walikuwa wameshika nafasi ya tatu nyuma ya Azam, jambo ambalo kwa Mwanasimba ni sawa na kurudia mwaka. Wakavunja kikosi, wakamleta Fadlu Davids, wakasajili vijana ambao hata majina yao tulijifunza redioni. Watu wakasema huu ni mwaka wa kujenga. Mwaka wa kujenga gani unaoishia na pointi 78? Walishinda mechi 25, sare tatu, wakapoteza mbili tu, na zote mbili ni kwa mtu mmoja. Jean Charles Ahoua akamaliza mfungaji bora kwa mabao 16. Juu ya hayo wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa na Berkane 2-0 kule Morocco na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar. Mimi ni Yanga, lakini siku ile ya Amaan nilikaa kibanda umiza nimeng'ata kucha kwa ajili ya Simba. Msimwambie mtu.

Yaani timu mbili ambazo kwa mechi 28 nyingine karibu hazishikiki. Ligi yoyote duniani ingejivunia mbio za namna hii. Na sisi tulikuwa nazo mkononi, halafu tukazifanya kesi.

Kwa wale walioko mwaka wa kwanza ambao huenda walikuwa bize na mitihani ya kidato cha sita, kisa kilikuwa hivi. Kanuni za ligi zinampa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi angalau mara moja kwenye uwanja utakaochezewa, muda uleule wa mechi. Dabi ya Machi mwenyeji alikuwa Yanga. Simba walifika Uwanja wa Mkapa Ijumaa usiku kufanya mazoezi, wakasema wamezuiwa kuingia, na wakawataja makomandoo wa Yanga kwamba ndio waliofunga njia. Wakarudi kambini na kutangaza kwamba hawachezi. Kesho yake kamati ya Bodi ikakaa, ikasema inahitaji muda wa kufuatilia taarifa zaidi, ikaahirisha. Yanga wenyewe walikwenda uwanjani siku hiyo, wakasema wao wapo, mpinzani hayupo, wapewe pointi zao tatu za mezani. Walipokosa wakatangaza kwamba mechi hiyo kwao imekwisha na hawataicheza tarehe nyingine yoyote. Wakaenda mpaka CAS, ile mahakama ya michezo ya Uswisi, na CAS ikawarudisha nyumbani: malizeni kwanza ngazi za ndani.

Wiki ile mimi nilikuwa wakili. Sijasoma sheria, nasoma takwimu, lakini kwenye grupu la WhatsApp la darasa nilikuwa nashusha vifungu kama mtu aliyelipwa. Timu isiyofika uwanjani adhabu yake inajulikana! Mazoezi ni haki, siyo sharti la mechi! Wamekimbia! Hilo la "wamekimbia" nililiandika kwa herufi kubwa na nadhani mara nne.

Ndipo yule mwenzangu wa Simba, ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno, akaniletea picha. Ilikuwa picha ya zamani ya skrini kutoka ukurasa wangu mwenyewe wa Facebook, ya Mei 2021. Sijui aliichimbua vipi. Nilikuwa kidato cha nne. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiswahili cha mtoto wa shule na alama tano za mshangao: "KANUNI NI KANUNI. HONGERENI WANANCHI KWA KUSIMAMIA HAKI!!!!!"

Tarehe 8 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi pia. Dabi ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ikasogezwa mpaka saa 1 usiku, TFF wakasema ni maelekezo kutoka wizarani. Kanuni za wakati ule zilikuwa zinataka timu zijulishwe mabadiliko ya muda angalau saa 24 kabla. Yanga wakaja uwanjani saa 11 yao, wakapasha misuli, wakaona hakuna mtu, wakatia mpira kwapani na kuondoka. Simba wakaja saa 1 yao. Mechi haikuwepo. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, wengine wametoka mikoani. Ikachezwa Julai 3, siku 56 baadaye, Zawadi Mauya akafunga, Yanga wakashinda 1-0 na sisi tukasahau kila kitu. Simba wakachukua ubingwa wao wa nne mfululizo na wao wakasahau.

Sasa ziweke mbili hizo pembeni kwa pembeni. Mwaka 2021 Yanga wana kanuni mkononi, wamekosewa kweli, wanakataa kucheza, na Simba wanasema wamekimbia. Mwaka 2025 Simba wana kanuni mkononi, wanasema wamekosewa, wanakataa kucheza, na Yanga tunasema wamekimbia. Ni mchezo uleule, jezi tu ndizo zimebadilishwa. Na mimi nilikuwa pande zote mbili, kwa sauti ileile, bila hata kuona haya. Niliangalia ile picha nikataka kujibu kwamba mazingira ni tofauti. Na ni kweli ni tofauti kidogo. Lakini nilijua kwamba, kama ingekuwa kinyume chake, ningekuwa naelezea tofauti hizohizo kwa upande wa pili.

Kwa hiyo nasema nilichofikia baada ya kupoa. Simba walikuwa na hoja, na walikosea kugoma. Hoja ya mazoezi ni hoja halali na hao waliofunga geti, wawe nani, walipaswa kutajwa na kuadhibiwa. Lakini mtu aliyenyimwa mazoezi anaingia uwanjani, anacheza, anaandika malalamiko yake kabla filimbi haijalia, na Jumatatu anayadai mpaka senti ya mwisho. Ukigoma, unamwadhibu nani? Aliyefunga geti alilala vizuri. Aliyeumia ni jamaa wa Morogoro.

Yanga nao. Tulikuwa na haki ya kudai uamuzi. Hatukuwa na haki ya kulalamikia mgomo wa Simba kwa kutangaza mgomo wetu wenyewe. Ndiyo hasa tulichofanya kwa miezi mitatu, na najua ndugu zangu wa tawi hawatapenda kulisoma hili kwenye jarida la wanafunzi, lakini "hatuchezi tena mechi hii" ni kugoma, hata ukiiandika kwenye karatasi yenye nembo.

Lakini wote hao ni klabu, na klabu kazi yake ni kuvutia kwake. Mimi lawama kubwa naiweka mezani kwa wale ambao kazi yao ni kutovutia popote. Siku ile kulikuwa na njia mbili zilizonyooka. Useme Simba hawana sababu ya kutosha, wasipofika wanapoteza mechi na adhabu zote zinafuata. Au useme Simba wamenyimwa haki yao, mwenyeji anaadhibiwa, na mechi inachezwa leo au baada ya siku mbili wakishafanya mazoezi. Njia yoyote kati ya hizo ingechoma nusu ya nchi, na nusu nyingine ingecheka, na baada ya wiki tungeendelea na maisha. Badala yake ikachaguliwa njia ya tatu, ile isiyomwambia mtu yeyote kwamba amekosea. Kuahirisha. Kuahirisha ni dawa ya kutuliza maumivu: jino lipo palepale.

Mwenzangu wa Simba anabisha hapa, na nampa haki yake maana ana akili kuliko grupu zima. Anasema: "Kaka, wewe unazungumzia karatasi. Ule uwanja unabeba watu 60,000. Mpaka saa tisa mchana timu moja imesema haiji. Unawaingiza watu ndani wakae mpaka usiku, halafu uwaambie hakuna mechi? Ukitoa pointi pale getini, nani anawatuliza?" Ni hoja nzito. Siwezi kuipuuza, hasa nikikumbuka kwamba mwaka 2021 watu waliachwa wakae mpaka giza. Kama waliahirisha ili mtu asiumie, basi waliahirisha vizuri. Ila usalama unaeleza Jumamosi ile tu. Hauelezi Jumatatu. Hauelezi Aprili yote, wala Mei yote, wala kwa nini mechi ilipangiwa Juni 15 halafu ikasogezwa tena mpaka Juni 25, siku ya mwisho kabisa. Watu wameshatawanyika, wapo majumbani kwao salama, sasa ni nini kilichokuwa kinazuia mtu kusema nani alifunga geti?

Kuna watu wanaoniambia ninakuza mambo, mpira ni burudani. Sawa. Burudani hii haki zake za kurushwa kwenye televisheni ziliuzwa mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ina mdhamini benki, ina wachezaji kutoka nusu ya Afrika, na mwaka 2027 nchi yetu inaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Kitu kikifikia ukubwa huo hakiendeshwi tena kwa busara za wazee wa mtaa. Kinaendeshwa kwa maandishi yanayomfunga mkubwa kama yanavyomfunga mdogo.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mdogo ligi hii inamtendea vipi? Februari mwaka huohuo basi la Dodoma Jiji lilipata ajali huko Kilwa wakitoka kucheza na Namungo. Wachezaji wakajeruhiwa. Mechi yao iliyofuata ikaahirishwa, na hiyo ndiyo sababu ambayo neno "kuahirisha" liliumbiwa. Baada ya hapo walirudi barabarani, maana timu nyingi za ligi hii zinakula kilomita kwa basi kutoka Kagera mpaka Lindi kama wauza vitunguu. Kagera Sugar walishuka daraja msimu ule pamoja na KenGold ya Mbeya. Hebu niambie kwa dhati: KenGold wangefika uwanja wa ugenini Ijumaa, wakafungiwa geti, wakaandika barua kwamba kesho hawachezi. Bodi ingekaa kikao? Ingehitaji muda wa kufuatilia taarifa zaidi? Mwaka 2021 Biashara United ya Mara ilishindwa kusafiri kwenda Libya kwenye mechi ya Kombe la Shirikisho, na CAF haikuwangoja hata kidogo. Wakatolewa, tukasema pole, tukaendelea kubishana kuhusu Simba na Yanga. Tangu Azam achukue ubingwa wa 2013/14 bila kufungwa, kombe halijatoka nje ya Kariakoo. Tunasema ni kwa sababu ya fedha na wachezaji. Ni kweli. Lakini ni kwa sababu pia wengine wote wanacheza kwa kanuni, na hawa wawili wanacheza kwa mazungumzo.

Nilisema "tuliuharibu wenyewe", na ninajua kuna anayesubiri nithibitishe.

Mwezi ule ule wa Machi, wakati nikiwa wakili wa Yanga mtandaoni, nilikuwa pia katibu wa timu ya mpira ya idara yangu kwenye bonanza la hapa chuoni. Kazi ya katibu ni kuandika majina. Robo fainali tulikuwa hatuna namba tisa, na kapteni akanipa jina la kijana mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu, mpira anaujua, ila alishahitimu mwaka uliopita. Mamluki. Nililiandika jina lake kwa mkono wangu mwenyewe, nikaweka namba ya usajili ya mtu mwingine. Tukashinda 2-0, mabao yote ya kwake. Nusu fainali wapinzani wakawa wameshapata habari. Wakaja na ushahidi, wakasema kama huyu anaingia sisi hatuingii. Mimi nikasimama mbele ya kamati na kusema, naomba mnielewe nilivyo, kwamba kanuni zinataka malalamiko ya usajili yaletwe saa 48 kabla. Kanuni hiyo ipo kweli. Kamati ikatazama huku, ikatazama huku, ikaona idara mbili kubwa zimejaa pembeni ya uwanja na mabatoo yao. Ikatangaza kwamba mchezo umeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena.

Haijatangazwa. Wale wa upande wa pili wa droo walisubiri fainali wiki tatu, kisha UE zikaingia. Kombe lipo kabatini kwa mtu fulani, na wachezaji wa ile idara nyingine bado wakikutana nami kwenye foleni ya chakula hawanisemeshi. Wana haki. Mimi nilijua nani kakosea. Nilikuwa mimi. Na nilishukuru sana kamati ilipoahirisha, kwa sababu hakuna aliyelazimika kulitamka.

Kwa hiyo ninapoilaumu Bodi sijifanyi mtakatifu. Ninaujua ule utamu. Ukiwa mkosaji, kuahirisha ni rehema. Ukiwa mwamuzi ni usingizi mzuri. Anayelipa ni yule aliyekuwa na tiketi, au aliyekuwa amefika fainali upande wa pili wa droo. Na yeye ndiye asiyeitwa kwenye kikao.

Tulichokuwa tunaweza kufanya sisi mashabiki ni kitu kimoja tu, na hatukukifanya. Wiki ile kama Yanga wa vyuo vyote wangeandika "waliofunga geti waadhibiwe, hata wakiwa wetu", na Simba wa vyuo vyote wangeandika "tulipaswa kucheza", viongozi wangekosa pa kuegemea. Wao wanagoma kwa sababu wanajua asubuhi tutaamka kuwatetea. Sisi ndio jeshi lao la bure, tuna bando la chuo na muda mwingi. Niliposoma takwimu nilifundishwa kwamba sampuli yenye upendeleo haitoi jibu hata ukiiongeza ukubwa. Grupu letu lilikuwa na watu 140 na wote tulikuwa mawakili.

Juni 25, siku ya Jumatano, kiporo kikapashwa. Na maajabu yake ni kwamba kilikuwa kitamu. Siku zile 109 zilikuwa zimeigeuza mechi ya Machi kuwa fainali: Yanga pointi 79, Simba 78, mechi moja imebaki, mshindi anabeba ndoo na sare inamtosha Yanga. Mwandishi wa tamthilia asingethubutu. Mwamuzi akaletwa kutoka Misri, kwa sababu ilifikia mahali hatuwezi kumwamini Mtanzania mwenzetu mwenye filimbi, na hilo nalo lilipita kama jambo la kawaida tu. Kipindi cha pili Pacome akafunga penalti, Clement Mzize akaongeza la pili, 2-0. Ubingwa wa nne mfululizo, wa 31 kwa jumla. Mzize kijana wa nyumbani kabisa, mabao 14 msimu mzima. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa bweni akapanda ngazi.

Na kwa kuwa mwisho ulikuwa mtamu, kila mtu akasema ona, mambo yamekwisha vizuri, hakuna aliyepewa pointi za mezani, bingwa kapatikana uwanjani. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko Machi yenyewe. Mwaka 2021 pia mambo yaliisha vizuri. Kiporo kikikunogea mara mbili, unaanza kupika kingi makusudi. Dabi ijayo, au ya mwaka kesho, mmoja wao atapata hoja halali, geti au saa au mwamuzi au mwanga wa taa, na atakumbuka kwamba mara mbili zilizopita aliyegoma hakupoteza kitu. Mimi binafsi ningependa kuona karatasi moja tu kutoka kwa wenye ligi, kurasa mbili zinatosha, inayosema usiku wa Machi 7 pale Mkapa geti lilifungwa na nani, kwa amri ya nani, na amelipa nini. Kama jina litakalotoka ni la kwetu, basi litoke. Nimeshalichunguza lile la bonanza na jina lililotoka lilikuwa langu; mwanzoni mwa muhula huu nimeiandikia kamati barua kuwaeleza namba ile ya usajili ilikuwa ya nani. Bado hawajajibu. Nasikia suala limewekwa kiporo.

Jamaa wa Morogoro sikumwona Juni. Nilimpigia simu wiki ya mechi nikamwambia aje, chumba kipo, nitamchangia nauli. Ile ya Machi ilimtoka 46,000 nauli, tiketi na chakula, ndani ya bumu ambalo lilitakiwa lifike mwezi wa nne. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi naangalia hapahapa kibanda umiza. Mechi ikiahirishwa nakunywa chai nalala." Baada ya bao la Mzize alinitumia ujumbe wa sauti. Kelele tupu, vuvuzela na mtu anapiga sufuria. Mwishoni kabisa, kwa mbali, nasikia sauti yake anaongea na mtu wa pembeni: "Lakini mbona lile geti hawajatuambia?"